Mahali Tulipofundishwa Kupenda

Masomo ya leo: Zaburi 104, Mathayo 6:25-34

 

Leo twataka kuanza kwa kuwaeleza aibu yetu wenyewe.

Siku moja tulikwenda Eldas, katika Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya. Tulikuwa watatu, na safari yetu ilikuwa ya kuwatembelea Wakristo wachache wanaofanya kazi huko, walimu na wauguzi na watumishi wa serikali, wanaoishi kwa amani kati ya majirani zao Waislamu. Njia nzima kutoka mji wa Wajir tulitazama nje ya dirisha la gari na kurudia neno moja: "Jangwa." Sisi tumekulia penye migomba na majani chai. Kwetu nchi isiyo na kijani ni nchi isiyo na kitu. Mmoja wetu akasema kwamba anayetaka kumwadhibu mtumishi amlete huku. Tukacheka.

Jioni tulitoka kunyosha miguu kando ya mji. Tukamkuta mtoto wa kiume, umri wake labda miaka kumi, akirudisha mbuzi nyumbani. Alidhani sote ni walimu, akafurahi kupata watu wa kusema nao Kiswahili chake cha shuleni.

"Mwalimu, usikanyage hapo," akatuambia, "kuna miiba."

Tukamwuliza ule mti wa miiba ni mti gani. Hapo ndipo tulipofunguliwa mlango. Mtoto yule akatutembeza kama mtu anayetembeza wageni nyumbani mwa baba yake. Mti huu, alisema, moshi wake husafisha vyombo vya maziwa, nayo maziwa hukaa bila kuharibika upesi. Huu ni mswaki. Huu hutoa utomvu unaouzwa sokoni. Huu ngamia wanaupenda, lakini mbuzi hawautaki. Na ule mgunga mkubwa pale, babu amekataza usikatwe hata ukame uwe mkali namna gani, kwa kuwa matumba yake yakianguka ndiyo chakula cha mbuzi wakati majani yamekwisha.

Kisha akatuuliza, "Na kwenu, mwalimu, kuna miti gani?"

Tukataja mkalitusi. Tukataja mwembe na mparachichi. Tukataja na mgrivilea wa kwenye mpaka wa shamba.

"Na ile mingine?" akauliza. "Ile ambayo hakuna mtu aliyeipanda?"

Ndugu wasikilizaji, tulinyamaza. Tulikuwa watu wazima watatu, tuliosoma, tuliotoka katika nchi ya misitu, nasi hatukuweza kumtajia mtoto yule hata miti mitano iliyopandwa na Mungu katika nchi yetu wenyewe. Yeye, aliyezaliwa mahali tulipopaita jangwa, alijua kila mti kwa jina lake na kwa kazi yake.

Usiku ule hatukucheka tena. Tulikaa tukizungumza juu ya jambo ambalo twataka kulizungumza nanyi leo, nalo ni hili: Mungu humpa mtu mahali kabla ya kumpa kazi. Humpa kwanza mahali pa kupenda, akiwa bado mtoto, na baadaye humwita apalinde.

Tazameni jinsi Maandiko yanavyoanza. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba Mungu aliotesha bustani kwanza, ndipo akamweka mtu ndani yake ailime na kuitunza. Mahali palitangulia, kazi ikafuata. Mungu hakumwita Adamu ailinde dunia yote kwa siku moja. Alimpa bustani moja, yenye miti na mito, akamleta wanyama aliowaumba ili awape majina. Kumbe hata kujua majina ya viumbe ni sehemu ya utumishi wa mwanadamu tangu mwanzo, na mtoto yule wa Eldas alikuwa akiifanya kazi ya Adamu.

Tena mkumbuke Musa. Kabla ya kuitwa kwenye kijiti kilichowaka moto, alichunga kondoo za mkwewe miaka mingi katika nchi kavu ya Midiani. Bila shaka alidhani miaka ile imepotea. Lakini baadaye alipoongoza taifa zima katika nchi kavu, alikuwa mtu aliyekwisha kuzoea maisha ya jangwani. Daudi naye aliimba juu ya malisho na maji kwa sababu aliwahi kuyatafuta kwa miguu yake. Na Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu kabla hajawa nabii.

Pengine msikilizaji mmoja atasema, "Hayo ni ya zamani, na ni ya watu watakatifu. Tupeni mfano wa siku zetu." Vema. Twawapa miwili, na wa kwanza hauko mbali sana na Eldas.

Ukitoka Wajir ukielekea kusini, unafika Garissa, na ukiendelea upande huo huo wa mashariki wa mto Tana, kuelekea mpaka wa Somalia, unaingia katika nchi ya mnyama aitwaye hirola. Wengi wenu hamjawahi kumwona, na si ajabu. Ni mnyama wa jamii ya kongoni, rangi yake kama ya mchanga, mwenye mstari mweupe kati ya macho unaofanana na miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi, hata watu husema ana macho manne. Duniani kote hakuna mahali pengine ambapo mnyama huyu ni mwenyeji wa asili, ila katika nchi hiyo ya mpakani. Wataalamu hutuambia kwamba katika jenasi yake amebaki yeye peke yake. Wenzake wote walikwisha kutoweka zamani. Akitoweka yeye, jenasi nzima imefutika.

Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 500. Ni nini kilichotokea? Miaka ya 1980 ulikuja ugonjwa wa sotoka pamoja na ukame, ukawaangusha kwa maelfu. Ugonjwa ule ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umekwisha duniani, lakini hirola hawakurudi kama walivyokuwa. Wawindaji haramu walikuwa wamewaua tembo, ambao kazi yao ilikuwa kuangusha miti na kuacha nafasi ya majani. Tembo walipopungua, vichaka vikasonga mbele na nyasi zikarudi nyuma. Hirola ni mnyama wa nyasi, hawezi kuishi kwa kutafuna miiba. Tazameni, wapenzi, jinsi Mungu alivyovifunga viumbe vyake pamoja: tembo akiuawa kwa ajili ya meno yake, hirola hukosa chakula.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwetu lilikuwa kama mahubiri. Mwaka 1996 Serikali iliona kwamba hirola wako hatarini, ikaanza kuwahamisha wengine kwenda katika mbuga ya Tsavo Mashariki ili wahifadhiwe huko. Nia yake ilikuwa njema. Lakini wenyeji wa Garissa, wafugaji wa ngamia na ng'ombe na mbuzi, hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu kuomba kwamba hirola waliobaki wasichukuliwe, na Mahakama ikatoa amri ya kuzuia wasihamishwe.

Fikirini maana yake. Wafugaji wale walikuwa na sababu nyingi za kwenda mahakamani kudai mambo mengine. Barabara zao zilikuwa mbovu, shule na zahanati zilikuwa chache. Lakini walikwenda kumtetea mnyama ambaye hawamkami, hawamchinji, wala hawampeleki sokoni. Kwa nini? Kwa sababu walikua pamoja naye. Tangu utoto wao, walipopeleka mifugo malishoni, hirola alikuwapo akila pembeni. Nchi bila hirola isingekuwa tena nchi ile waliyoipokea kwa baba zao.

Tena hawakuishia mahakamani. Miaka kama kumi baadaye, jamii ya wenyeji kando ya mto Tana ilitenga ardhi yake yenyewe ikaiita Ishaqbini, iwe mahali pa kumhifadhi hirola. Mwaka 2012 wakazungushia sehemu yake ua wa kuzuia simba, chui na mbwa mwitu, wakaingiza humo hirola 48. Katika miaka iliyofuata wakaongezeka hata wakapita mia moja.

Katika nchi hiyo hiyo ametokea mtu mmoja ambaye twapenda kumtaja kwa jina, kwa kuwa kazi yake yajulikana. Ni Daktari Abdullahi Hussein Ali, mzaliwa wa Garissa na mtoto wa jamii ya wafugaji. Alisoma mpaka kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Mtu aliyefika huko angeweza kubaki huko, na hakuna ambaye angemlaumu. Naye angeweza kuchagua kuchunguza wanyama mashuhuri, wanaopendwa na watalii, kama simba au duma. Yeye alimchagua hirola, mnyama wa nyumbani kwao. Akarudi Garissa akaanzisha mradi wa kumwokoa. Pamoja na wafugaji wenyewe hupunguza vichaka vilivyosonga, hupanda nyasi za asili, na hulinda wanyama waliobaki. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya Whitley, ambayo hutolewa Uingereza kwa walinzi wa viumbe.

Daktari Ali si wa Kanisa letu wala wa imani yetu, lakini tutamnyima Mungu sifa yake kama tukikataa kuona kwamba ni Yeye aliyempa mtu huyu mahali pa kupenda, na ni Yeye anayewahurumia hirola kwa mikono yake.

Mfano wetu wa pili twauchukua kutoka upande wa pili wa Kenya, penye mvua na udongo mwekundu. Ni Profesa Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na nyumbani kwao ulisimama mti mkubwa wa mugumo, ambao ni wa jamii ya mikuyu. Mama yake alimwambia asiokote kuni za mti ule, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Na karibu na mti ule palikuwa na kijito chenye maji safi, ambako mtoto Wangari alitumwa kuteka maji.

Kando ya kijito nduma zilimea. Chini ya majani yake mtoto aliyaona mayai ya vyura yakielea kama shanga nyororo, akajaribu kuyainua kwa vidole ajifanyie mkufu. Kila alipogusa yakakatika. Siku nyingine alirudi akakuta shanga hazipo, na mahali pake ni viluwiluwi vyeusi vikicheza majini. Hayo ndiyo yaliyokuwa michezo yake.

Alikua, akasoma kwa masista, akapelekwa Marekani kusoma sayansi. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini aliporudi kutazama kwao, mugumo ulikuwa umekatwa ili kupata nafasi ya kupanda chai. Na kijito kilikuwa kimekauka.

Msomi huyu alifanya nini? Alielewa kwa elimu yake yale ambayo mama yake aliyajua bila shule: mizizi ya mti ule ilikuwa imeshika udongo na kufungua njia ya maji, na aliyeukata mti alikata na kijito. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, kazi iliyojulikana kama Mwendo wa Ukanda wa Kijani. Walianza na miche saba mjini Nairobi. Wakafika mamilioni zaidi ya thelathini. Alipigwa, alifungwa, alidhihakiwa, lakini hakuacha. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Na aliposimama Oslo mbele ya wakuu wa dunia, alimaliza hotuba yake kwa kuwasimulia kile kijito cha utoto wake na viluwiluwi vyake, akiomba watoto warudishiwe ulimwengu kama ule. Alifariki mwaka 2011.

Mwaona, wapenzi? Mmoja ametoka mahali pakavu, mwingine penye mito. Mmoja alipewa hirola, mwingine viluwiluwi. Lakini njia ya Mungu ni moja. Upendo uliingia kwanza, kwa macho na kwa miguu ya mtoto, na elimu ikaja baadaye kuutumikia upendo ule.

Naye Bwana wetu Yesu Kristo hakupita njia nyingine. Mwana wa Mungu angeweza kuja duniani akiwa mtu mzima, akafundisha mara moja. Hakufanya hivyo. Alikubali kuwa mtoto wa mahali fulani, Nazareti katika Galilaya, mji mdogo ambao watu waliudharau na kuuliza kama kweli kitu chema chaweza kutoka huko. Alikaa huko miaka kama thelathini. Kisha alipofungua kinywa chake kufundisha, ni nini kilichotoka? Maua ya kondeni, ndege wasiopanda wala kuvuna, mbegu ya haradali, mtini unaochipua, kuku anayekusanya vifaranga, mpanzi na njia na miamba na miiba. Mahubiri ya Bwana yamejaa yale aliyoyaona alipokuwa mtoto. Kama asingetazama kwa upendo, asingekuwa na la kuwalinganisha nalo watu wa shamba juu ya Ufalme wa mbinguni.

Basi tujifunze nini? Twapenda mshike mambo matatu.

Jambo la kwanza: tusidharau mahali popote ambapo Mungu ameweka watu na viumbe. Sisi tuliita Eldas jangwa. Lakini huko Wajir jina la mahali huanza mara nyingi na neno "el", ambalo kwa Kisomali ni kisima. Wenyeji hawakuipa nchi yao jina la kiu, bali jina la maji yanayopatikana humo. Na mji wa El Wak, upande wa Mandera, jina lake hufasiriwa kuwa visima vya Mungu. Katika nchi hiyo tunayoiona haina kitu ndimo twiga wanamotembea, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani, na ambaye aweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji. Ndimo inamomea miti ya jamii zile zinazotoa manemane na ubani. Mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi, mbili kati ya tatu zilikuwa utomvu wa miti ya nchi kavu. Zawadi zilizostahili kuwekwa mbele ya Mfalme hazikutoka penye migomba, ndugu zangu. Zilitoka penye nchi kavu.

Kwa hiyo, wewe mwalimu au muuguzi uliyepangiwa kazi Eldas, au Dadaab, au Ijara, na kila juma unaandika barua ya kuomba uhamisho, tunakuelewa. Sisi wenyewe tulicheka mpaka mtoto alipotunyamazisha. Lakini kabla hujaondoka, mwombe mtoto mmoja akutajie miti.

Jambo la pili: tuwape watoto wetu nafasi ya kukaa na viumbe vya Mungu. Siku hizi mtoto huondoka nyumbani alfajiri kwenda shule, hurudi jioni, hukaa mbele ya picha za simu au televisheni mpaka usingizi umkamate. Anajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, wala hajui jina la ndege anayelia kwenye paa la nyumba yao. Hatusemi masomo ni mabaya. Daktari Ali na Profesa Maathai wote walisoma sana. Lakini walikuwa na kitu cha kupenda kabla ya kusoma. Mama Wangari hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na maneno machache tu, kwamba mti huu ni wa Mungu, na maneno yale yalifika mpaka Oslo. Babu wa Eldas naye amesema, "Mgunga huu usikatwe." Je, wewe baba, wewe mama, ni mti gani uliomwonyesha mtoto wako? Jumapili baada ya ibada, mshike mkono mwende mpaka mtoni. Kama hujui majina, mwulizeni nyanya. Mwulizeni upesi, kwa maana wazee wanaondoka pamoja na majina hayo.

Jambo la tatu ndilo zito. Mtoto hawezi kupenda kilichokwisha kutoweka. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita kaskazini mashariki bila mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa kwa wingi, na wazee waliokuwa na ng'ombe wengi wakabaki na fimbo. Desemba 2021, katika kijiji cha Eyrib, huko Wajir, twiga sita walikutwa wamekufa karibu na lambo lililokaribia kukauka. Walikuwa dhaifu kwa njaa na kiu, wakaingia kutafuta maji yaliyobaki, wakanasa katika matope. Picha yao, wamelala pamoja juu ya mchanga, ilizunguka dunia. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 yakaja mafuriko katika nchi ile ile iliyokuwa imelia kwa kiu.

Watoto wa Eyrib waliwaona twiga wale. Twajiuliza, watakapokuwa wazee watamsimulia nani, na watasimulia nini? Kama kila mgunga ukigeuzwa makaa yanayopakiwa magunia kwenda mijini, na kila lambo likauke, na hirola aishe, basi mtoto atakayezaliwa huko hatapewa mahali pa kupenda. Na asiyepewa mahali pa kupenda hatakuwa na la kulinda. Hapo hatutakuwa tumepoteza mti na mnyama tu. Tutakuwa tumepoteza walinzi wa kesho, kwa kuwa tumewanyang'anya utoto uliokuwa uwafanye walinzi.

Tena tusiwalaumu wachoma makaa wa mbali. Makaa yale hupikia chakula chetu sisi wa mjini. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote anapokata mti, mara nyingi anakata kwa ajili ya unga wa watoto wake. Dhambi hii tumeishiriki wengi, na toba yake hatuna budi kuishiriki wengi. Itupasa kupunguza moto wa makaa pale tunapoweza, kupanda miti ya asili na kuitunza hata ishike, na kuwasaidia wafugaji wakati wa ukame kabla hawajafikia kuuza kivuli cha watoto wao.

Wapenzi wasikilizaji, tulipoondoka Eldas asubuhi, tulipita karibu na mgunga ule mkubwa. Mbuzi walikuwa chini yake wakiokota matumba. Mtoto hatukumwona, yamkini alikuwa shuleni. Safari hii hakuna aliyesema "jangwa." Mwenzetu, yule aliyesema maneno ya adhabu, alitoa daftari yake akaanza kuandika miti ya kwao aliyoikumbuka, ile ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Tulipofika Wajir alikuwa na minne. Akasema atampigia mama yake simu amwulize mingine.

Nasi twawaachia kazi hiyo hiyo juma hili. Andikeni miti mitano ambayo Mungu aliipanda mwenyewe mahali mlipozaliwa. Mkishindwa, msione haya, ulizeni. Kisha mwombeeni kila mmoja kwa jina lake, kama Adamu alivyotaja.

Natuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeumba nchi ya mvua na nchi ya kiu, twakushukuru kwa mahali ulipotuweka tulipokuwa watoto. Utusamehe kwa kuwa tulipadharau pa wengine na kupasahau petu. Uwakumbuke wafugaji waliopoteza mifugo, na wanyama wako waliolala kando ya malambo makavu. Uwabariki wote wanaolinda viumbe vyako, wakujue kwa jina letu au kwa jina lingine. Uwape watoto wetu kijito cha kuteka, na mti wa kukaa chini yake, na mzee wa kuwaambia jina lake. Utupe mvua kwa wakati wake. Twaomba kwa Yesu Kristo Bwana wetu, mtoto wa Nazareti, Amina.